Kuhesabiwa Kabla ya Kung'oa Nanga

Wahenga wetu wametuachia usemi kwamba mgeni ni wa siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuutumia usemi huo tunapomkumbusha mgeni aliyekawia kuwa chakula hakijipiki wala shamba halijilimi. Lakini ndani yake imo maana nyingine, nayo ni kwamba katika siku hizo mbili, kabla ya kupewa jembe, kazi ya mgeni ni moja tu: kuangalia. Asiyetumia vyema siku zake mbili za kuangalia, hata akipewa jembe hatajua alime wapi.

Tumelikumbuka jambo hili kwa sababu watu wa Visiwa vyetu siku hizi wanasafiri sana. Wako wanaokwenda masomoni, wako wanaotafuta biashara Dubai na Guangzhou, wako wanaokwenda Hija na Umra, na wako wanaopelekwa na Serikali na Chama kuhudhuria mikutano. Wengi wao, katika kwenda au kurudi, hulala usiku mmoja au miwili katika mji ambao si mwisho wa safari yao. Mara nyingi muda huo hupotea madukani. Hatusemi kwamba kununua nguo za watoto ni dhambi. Tunalosema ni kwamba mtu aliyetoka katika nchi maskini, akapata bahati ya kuiona nchi nyingine walau kwa siku mbili, anadaiwa na wenzake waliobaki. Deni hilo halilipwi kwa sanduku la zawadi.

Sisi tulipata siku mbili kama hizo katika mji wa Istanbul, nchini Uturuki, mwishoni mwa safari ya miezi mitatu iliyotupitisha Madina na Cairo. Tulifuatana na sahibu yetu, mzaliwa wa Pemba, mtu aliyefanya kazi ya ubaharia tangu ujana wake hadi alipostaafu. Mji ule una watu zaidi ya milioni 15, na mambo yake ya kutazamwa hayamalizwi kwa siku mbili wala kwa miezi miwili. Upo Msikiti wa Süleymaniye uliokamilika mwaka 1557 kwa ufundi wa mjenzi Sinan; yapo masoko ya kale, makasri na makumbusho. Tuliamua kuangalia jambo moja tu, nalo ni jinsi watu wa mji ule wanavyovushwa baharini.

Mji wa Istanbul umekaa juu ya mabara mawili, upande mmoja Ulaya na upande mwingine Asia, na katikati unapita mlangobahari wa Bosphorus wenye urefu wa kiasi cha kilomita 30. Pahala pembamba kabisa upana wake ni kama mita 700 tu, yaani mtu aliyesimama pwani ya huku anaweza kuziona nguo zilizoanikwa pwani ya kule. Msomaji asidhani kwamba kwa kuwa maji yale ni membamba basi ni mapole. Maji ya juu yanatoka Bahari Nyeusi kuelekea Bahari ya Marmara, na maji ya chini, yaliyo mazito zaidi kwa chumvi, yanakwenda kinyume chake. Meli kubwa za mataifa zinapita hapo mchana na usiku, na vivuko vya abiria vinakata njia mbele yao. Sahibu yetu aliyatazama maji hayo kwa muda mrefu kabla ya kusema neno, kisha akasema kwamba mkondo ule unamkumbusha mkondo wa Nungwi.

Zipo njia nyingine za kuvuka. Daraja la kwanza lilifunguliwa mwaka 1973, la pili mwaka 1988, la tatu mwaka 2016, na treni inayopita chini ya bahari ilianza mwaka 2013. Pamoja na hayo yote, vivuko havikufa. Asubuhi na jioni utawaona makarani, wanafunzi, wauza samaki na akina mama wenye vikapu wakishuka na kupanda kwa maelfu kwenye magati ya Eminönü, Üsküdar na Kadıköy.

Habari za vivuko hivyo zina mvuto wa pekee kwa mtu aliyelelewa chuoni na kwa lugha yetu. Mwaka 1851, katika enzi ya Sultani Abdülmecid, iliundwa kampuni ya meli za moshi ya kuwavusha watu wa mji ule, na hisa zake zikanunuliwa na Sultani mwenyewe, mama yake, wakubwa wa dola na matajiri. Jina lake lilikuwa Şirket-i Hayriye. Mswahili hahitaji mkalimani hapo: ni Shirika la Heri. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 shirika hilo lilitia majini vyombo viwili vya kuvusha magari ya farasi, wanyama na mizigo, na Waturuki wanavihesabu kuwa miongoni mwa vivuko vya mwanzo kabisa vya aina hiyo duniani. Cha kwanza kiliitwa Suhulet, neno lililo ndugu wa sahali yetu. Cha pili kiliitwa Sahilbent, maana yake kifungacho pwani kwa pwani, na ndani yake limo lile neno sahil ambalo sisi wenyewe na lugha yetu tumepewa jina kwalo. Hata gati la Eminönü limechukua jina lake kutokana na emin, yaani mwaminifu, ndiye msimamizi wa forodha aliyekuwa na ofisi yake pahala hapo zamani.

Heri, wepesi, kuunganisha pwani na uaminifu: yalikuwa majina tu, na jina jema halizuii chombo kuzama. Lakini watu huonyesha kwa majina wanayoyachagua ni jambo gani walilolikusudia. Mwaka 1945 shirika lile lilichukuliwa na dola, na leo vivuko vile vya zamani vinaendeshwa na halmashauri ya mji. Abiria ni raia anayehudumiwa na mji wake, si mzigo unaolipiwa nauli.

Sasa tueleze tulivyoona. Abiria anapofika gatini hakutani na dalali wa tiketi anayemvuta mkono, wala hapandi ngazi ya meli moja kwa moja. Anapita kwanza kwenye geti la chuma linalozunguka, akiigusisha kadi yake ya nauli, na geti hilo halipitishi watu wawili waliobanana. Baada ya hapo anaingia katika ukumbi wa kungojea. Mlango wa ukumbi unaoelekea melini umefungwa. Meli inakuja, mabaharia wanatupa kamba, waliomo wanashuka wote, na hapo ndipo mlango unapofunguliwa. Waliochelewa wanaukuta umefungwa, nao hawapigi kelele, kwa sababu ratiba imebandikwa ukutani na wanajua kwamba meli nyingine inakuja baada ya muda mfupi. Mwenye koti la bei na mwenye ndala wanapita geti moja.

Safari ya Eminönü hadi Kadıköy haizidi nusu saa. Watu wanakunywa chai ya rangi katika vigilasi vidogo vyenye kiuno chembamba, na wengine wanawatupia shakwe vipande vya mkate. Sisi tulikuwa tukitazama minara ya misikiti ikijitokeza moja baada ya mwingine. Sahibu yetu hakuwa akitazama minara. Alikuwa amekwisha kuzunguka meli nzima, akayaona majaketi ya kuokolea maisha yalipowekwa, akaitazama milango ya kutokea, kisha akarudi akaketi. Tulipomwuliza kama ameridhika alijibu, "Bwana, mimi siku hizi sipandi chombo kabla sijajua tumo wangapi."

Inafaa msomaji ajue kwa nini alisema hivyo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, mwaka 2011, siku chache baada ya Sikukuu ya Idi, meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Katika meli hiyo alikuwamo dada yake sahibu yetu pamoja na watoto wake wawili. Dada alizikwa. Watoto hawakuonekana, na majina yao hayakuwamo katika orodha yoyote, kwa sababu walipopanda walikuwa wadogo wa kushikwa mkono, na mtoto wa kushikwa mkono hakukatiwa tiketi. Ilimlazimu sahibu yetu aende mbele ya watu na kuthibitisha kwa ushahidi kwamba wapwa wake waliwahi kuwamo katika meli ile.

Msiba huo ni wetu sote. Meli ile iliruhusiwa kuchukua watu kiasi cha 600. Taarifa iliyotolewa baada ya uchunguzi, mwezi Januari 2012, ilieleza kwamba waliokuwamo walizidi 2,000, kwamba maiti zilizopatikana zilikuwa 203, na kwamba zaidi ya watu 1,300 hawakuonekana tena. Kabla machozi hayajakauka, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam kuja Unguja, katika msimu wa kusi. Na ndugu zetu wa Bara, baada ya msiba wa MV Bukoba mwaka 1996, waliupata mwingine tarehe 20 Septemba 2018, pale kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kuchukua watu 101, kilipopinduka karibu na Ukara katika Ziwa Victoria na kuua watu zaidi ya 220.

Tukizitazama hesabu hizo kwa makini tutaona kwamba bahari na ziwa havikuwa chanzo pekee. Katika msiba wa Nungwi na katika ule wa Ukara, idadi ya watu waliopanda ilikuwa zaidi ya mara mbili ya idadi iliyoruhusiwa, na katika yote miwili idadi hiyo ilijulikana baada ya watu kufa. Mtu asiyehesabiwa anapopanda hawezi kuhesabiwa anapozama.

Siku ya pili tulichukua meli ya kwenda Visiwani, kwani na Istanbul nayo ina Visiwa vyake. Viko tisa katika Bahari ya Marmara, na kikubwa chao ni Büyükada, ambacho jina lake ni Kisiwa Kikubwa tu. Magari ya watu binafsi hayaruhusiwi huko. Kwa zaidi ya karne moja watu walipanda magari ya farasi, mpaka mwaka 2020 yalipoondolewa baada ya maradhi kuzuka miongoni mwa farasi, yakaletwa magari madogo ya umeme ya halmashauri. Watu wa Visiwa hivyo wanategemea meli kama tunavyoitegemea sisi: gazeti, mgonjwa, mwalimu na mchele, vyote vinapita gatini.

Katika mkahawa ulio karibu na gati tulimkuta mzee mmoja aliyejifunza Kiarabu katika skuli ya dini, na kwa Kiarabu chetu cha chuoni tukaelewana naye kiasi. Sahibu yetu alimwuliza juu ya pepo. Mzee akaeleza kwamba upo upepo wa kusini-magharibi wanaouita lodos, nao ukivuma kwa nguvu, meli hazitoki. Sahibu yetu akauliza, "Na ikiwa mkubwa wa serikali ana haraka?" Yule mzee alicheka akasema kwamba lodos haumjui mkubwa, na kwamba siku hiyo mkubwa hunywa chai pamoja nao mpaka upepo utulie. Alipoulizwa kama watu hawanung'uniki, alijibu kwamba wananung'unika sana, na kwamba manung'uniko hayajawahi kumzamisha mtu.

Hatupendi msomaji adhani kwamba Waturuki wamezaliwa na nidhamu ambayo sisi tumenyimwa. Tarehe 1 Machi 1958 kivuko chao kilichoitwa Üsküdar kilipinduliwa na dhoruba katika Ghuba ya İzmit, wakafa watu zaidi ya 250, na wengi wao walikuwa wanafunzi wanaorejea makwao kutoka skuli. Nao pia wana akina mama waliosimama pwani wakiita majina. Kwa hiyo tunapowataja hatuwataji kama malaika. Tunawataja kama watu wa bahari, wenzetu, waliofiwa kama tulivyofiwa.

Yako waliyoyafanya viongozi wetu tangu siku zile, nasi tungekuwa waongo tusipoyataja. Serikali ya Mapinduzi ilinunua meli mpya, MV Mapinduzi II, iliyowasili mwaka 2015 ikiwa na uwezo wa kuchukua abiria 1,200 na mizigo tani 200. Mamlaka ya Usafiri Baharini ipo, na sheria zipo. Lakini kila mwananchi anajua kwamba sheria ya bahari haivunjwi baharini. Inavunjwa gatini, na huvunjwa kwa sauti ya upole kabisa. "Nipitishe, bwana, nawahi maziko." "Huyu ni kijana wangu, hana kiti, atasimama." "Mheshimiwa fulani ameniagiza." Kila neno katika hayo ni la huruma au la heshima, na kwa hivyo mlinzi wa gati hupata tabu kulikataa. Akikataa huitwa mjeuri, na akikubali huitwa mtu mwema. Maneno kama hayo, yakirudiwa mamia ya mara katika usiku mmoja, ndiyo yanayoijaza meli.

Kwa hiyo tunapenda kuyaweka mbele ya wananchi na mbele ya wakuu wa Serikali mambo manne, ambayo hayahitaji mkopo wala mtaalamu kutoka nje.

La kwanza, kila roho inayopanda ihesabiwe, na mtoto mchanga aliye mgongoni ni roho. Asipotozwa nauli ni sawa, lakini apewe tiketi yenye jina lake. Orodha ya majina ibaki nchi kavu kabla meli haijang'oa nanga, kwani orodha inayosafiri na meli huzama na meli.

La pili, idadi iliyoruhusiwa iandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, pahala ambapo kila abiria ataisoma anapopanda. Siri ya idadi isiwe ya nahodha na mwenye meli peke yao. Abiria anayejua kwamba nafasi ni 600 atakuwa mlinzi wa kwanza wa maisha yake, na watu 600 wanaojua hawaongopewi kwa urahisi.

La tatu, mizigo ipite mlango wake na watu wapite mlango wao, kila upande na msimamizi wake na mizani yake. Pale gunia la mchele na mtoto vinapogombea mlango mmoja, gunia hushinda, kwa sababu gunia limelipiwa.

La nne, na hili ndilo zito zaidi, nahodha akisema hatutoki, basi neno limekwisha. Asipigiwe simu. Asiletewe kikaratasi. Hapa tunazungumza na wenzetu wa Chama na Serikali bila ya kuficha, kwa sababu mwananchi wa kawaida hana nambari ya simu ya nahodha. Kiongozi anayetaka kuheshimiwa na abiria asimame katika mstari wao, apite geti lao, na siku ya kusi kali anywe nao chai.

Wako watakaotujibu kwamba Istanbul ni mji tajiri, una madaraja na treni, na kwamba mwana wa Pemba asiyepata meli leo hana njia nyingine. Hoja hiyo ina ukweli, nasi tunaiheshimu. Ni kweli kwamba uhaba wa vyombo ndio unaowasukuma watu wapande chombo kilichojaa, na jibu lake ni meli zaidi na ratiba inayotimizwa. Lakini geti, kalamu na daftari havikuwa anasa katika mwaka 1851, na leo haviwezi kuwa anasa. Tena, yule asiye na njia nyingine ndiye anayestahili zaidi kulindwa kuliko mwenye njia tatu.

Vijana waliozaliwa mwaka ule wa 2011 wanakaribia kuwa watu wazima, nao wanapanda meli kwenda skuli, kazini na harusini bila ya kukumbuka lolote. Wasiokumbuka hawana lawama. Wajibu ni wetu sisi tuliokuwapo, tuliosimama Nungwi na Maisara tukitazama maiti zikiteremshwa, kuhakikisha kwamba kumbukumbu hiyo imegeuzwa kuwa utaratibu, maana utaratibu hausahau kama wanavyosahau watu.

Sahibu yetu amesharudi kwao Pemba. Ameanza, bila ya kuagizwa na mtu, kuwaomba wazee wa shehia yake wahimize kila mzazi anayesafiri na watoto ayataje majina yao gatini na kudai yaandikwe. Siku mbili za ugeni zimekwisha. Jembe lipo mkononi, na shamba lenyewe ni gati la Malindi na gati la Mkoani.